Bagno Vignoni: bwawa la uwanjani si la kuogea

Picha za Bagno Vignoni, kijiji kidogo cha Toscana nchini Italia, huwadanganya wengi. Katikati, mahali ambapo vijiji vingine vina uwanja, kuna bwawa la mawe la mstatili linalofuka mvuke, lenye urefu wa mita 49 hivi. Mgeni hubeba taulo akidhani ataoga humo. Haruhusiwi.

Zamani watu walioga kweli, na Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze wa karne ya 15, ni miongoni mwa waliofuata tiba hapa. Leo bwawa hilo linahifadhiwa, na maji hutoka ardhini yakiwa na joto la takriban nyuzi 50, makali mno kwa mwili hata kama ingeruhusiwa.

Dhana nyingine ni kwamba maji haya yalikuwa ya tiba tu. Kumbe yalisaga nafaka pia! Kutoka bwawani yanapita kwenye mifereji hadi ukingo wa jabali, kisha yanaporomoka kuelekea mto Orcia, kwenye vinu vilivyochongwa mwambani. Chemchemi haikauki kiangazi, hivyo vinu hivi viliendelea kusaga wakati mito imepungua. Kero ilikuwa chokaa: hewa ya ukaa ikitoka majini, chokaa huganda na kuziba mifereji, ikabidi ibanduliwe.

Anayetaka kuoga bure ateremke hadi chini ya jabali. Kuna kidimbwi cha maji ya rangi ya maziwa, lakini yamekwishapoa, ni vuguvugu tu. Vaa viatu visivyoteleza. Mwenye kutaka maji moto hasa alipe kiingilio kwenye mabwawa ya hoteli.