Kabla Hujanunua Prosesa ya Kompyuta ya Zamani

"Fundi, niwekee i7." Ombi hili la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, nalisikia sana hapa Amu (Lamu), hasa kwa wenye saiba (vibanda vya huduma za intaneti) na walimu waliouziwa mashine za ofisi zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa kwetu. Nami huwauliza kwanza: ukikaa unaingojea mashine, ni kitu gani ndani yake unachokingojea?

Mara nyingi si prosesa. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumika ndani ya mashine, wakati uleule mashine imekwama, usingoje ipone, kisha tazama CPU (ndiyo prosesa), kumbukumbu (RAM) na diski. Katika mashine za 2012 na 2013 ninazoletewa, kwa kawaida diski imegota kwenye asilimia 100 na prosesa haina kazi kubwa. Diski ya kuzunguka ina sahani na mkono unaosoma. Kila faili ikiitwa, mkono uhame na sahani izunguke mpaka pale data ilipo, na safari hiyo huchukua takriban milisekunde 10. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, kwa hiyo hujibu kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Windows ikiwaka huita maelfu ya faili ndogondogo. Ukiweka i7 juu ya diski ile, i7 nayo itapanga foleni.

Kumbukumbu nayo itazamwe. Mashine ya GB 4 iliyofungua kivinjari chenye eCitizen na iTax (tovuti za huduma za serikali na kodi) na PDF kadhaa kwa pamoja hujaa, na kinachofurika humwagwa kwenye diski ileile nzito. GB 8 huondoa shida hiyo kwa kazi za saiba.

Halafu kuna chumvi. Anayeweka kompyuta karibu na dirisha linaloelekea bahari, upepo wa kusi ukivuma, akifungua kasha baada ya miaka hukuta vumbi lililoshikana kama tope kwenye mapezi ya kipoza joto, na grisi iliyo chini yake imekauka ikawa unga. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mwenyewe huona mashine imezeeka, kumbe inajiokoa. Safisha kipoza joto, paka grisi mpya, angalia feni inazunguka vizuri, kisha pima tena. Prosesa mpya ikifungwa chini ya kipoza joto kichafu itajipunguza vilevile.

Ukishafanya hayo yote na CPU bado inakaa asilimia 100 katika kazi yako ya kila siku, hapo tuzungumze habari ya prosesa.

Chukua Dell OptiPlex 7010 ya 2012, mashine ninayoiona sana. Soketi yake, yaani kiota cha prosesa kwenye bodi, ni LGA1155. Ikiwa ndani mna Core i3-3220, una viini (core) viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi ndani ya prosesa. Kuihamishia i5-3470 kunakupa viini vinne halisi, na hiyo ni hatua unayoihisi. Lakini ukiwa tayari na i5-3470, i7-3770 ina viini vinne vilevile. Mwendo wake wa juu ni GHz 3.9 dhidi ya 3.6, tofauti isiyofika asilimia 10. Faida yake halisi ni kwamba kila kiini hubeba mikondo miwili ya kazi. Programu ya kuhariri video huitumia faida hiyo. Word na kivinjari haviioni. Kwa mtu wa saiba mwenye i5, hiyo i7 simshauri hata kidogo.

Tena soketi kulingana si idhini ya kununua. OptiPlex 790 nayo ni LGA1155, lakini chipseti yake, yaani chipu ya bodi inayoamua prosesa zipi zikubaliwe, ni Q65, isiyokubali prosesa za kizazi cha tatu kama hizo i5-3470 na i7-3770. Mwisho wake ni kizazi cha pili. Hali ni hiyohiyo kwa LGA1151: bodi za kizazi cha sita na cha saba hazikubali prosesa za cha nane, ingawa jina la soketi halikubadilika. Basi soma namba ya bodi, soma chipseti, tafuta orodha ya mtengenezaji. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kipuri kinatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, na kikikataa kuingia kinarudi njia hiyohiyo kwa gharama yako.

Wapiga picha za harusi na Maulidi wana hesabu yao. Simu nyingi za sasa hurekodi video kwa HEVC, mtindo wa kubana video, na prosesa za kizazi cha tatu hazina sakiti ya kuifungua. Kazi yote huangukia viini, na i7-3770 itahangaika nayo. Mtu wa kazi hii namwambia asimwage fedha kwenye mashine ya 2012. Atafute iliyotumika yenye kizazi cha nane, mfano i5-8500 yenye viini sita.

Kizazi cha nane kina sababu nyingine. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hudai kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Hakuna prosesa utakayoichomeka kwenye 7010 ikatimiza sharti hilo. Anayeshughulikia kodi na vitambulisho vya watu hapaswi kubaki kwenye mfumo usiopata viraka vya usalama. Kwa mashine kama hiyo mimi huweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, maana kazi nyingi za saiba siku hizi ni za kivinjari. SSD nayo huipendekeza bila wasiwasi: ukibadilisha mashine mwakani utahama nayo. RAM ya DDR3, aina iliyomo kwenye mashine hizi za 2012, haihami, kwani mashine za kizazi cha nane kwa kawaida hutumia DDR4, basi nunua iliyotumika.

Ukiamua kubadilisha prosesa, chomoa waya wa stima na ushike chuma cha kasha kwanza. Kwenye bodi hizi za Intel pini ziko ndani ya soketi, nyembamba kuliko uzi, na moja ikipinda bodi inaweza kukataa kuwaka. Shusha prosesa wima, linganisha alama za pembeni, usiisukume. Kabla ya kufunga kasha, washa, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka), uone kama jina la prosesa limetokea na feni inazunguka, kisha iendeshe kwa kazi nzito nusu saa huku ukitazama joto.