Je, wajua kwa nini viraka vilivyokatwa sawa hukataa kulingana?

Umekata viraka vya kitenge kwa rula, vyote inchi 3½ kwa 3½. Umeviunga tisa tisa, vitatu kwa vitatu, kupata miraba ya mfarishi, yaani tandiko la viraka. Unaipanga sakafuni: mmoja umezidi, mwenzake umepungua. Lawama zote huenda kwa mkasi, ilhali kosa kwa kawaida limo mshononi.

Kila mshono hula kitambaa cha pande zote mbili. Ukishona robo inchi kutoka ukingoni, viraka vitatu hupoteza inchi 1 katika mishono miwili, na mraba hutoka inchi 9½. Ukiteleza hadi 3/8, tofauti ambayo jicho haliishtukii, mraba hutoka inchi 9. Miraba minane ya hivyo kwenye mstari mmoja itapungua inchi 4 nzima.

Hata robo kamili hula zaidi kidogo, maana mkunjo wa kitambaa nao una unene. Basi shona robo iliyopungua kwa upana wa uzi mmoja au nyuzi mbili. Jipime kwanza: unga vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, piga pasi, kisha pima cha katikati. Kikitoka inchi 1 kamili, bandika utepe wa gundi kwenye bati la cherehani, ukingo wa kitambaa uufuate.

Pasi nayo ina hila zake. Ibonyeze na kuinyanyua, usiiburute. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika kama mpira na hakirudi. Vitenge na khanga mpya zifuliwe kabla ya kukatwa, vinginevyo zitasinyaa ndani ya mfarishi uliokwisha kushonwa, na nyekundu ikichuja, nyeupe yote imekwisha.

Je, miraba iliyokwisha kushonwa ikabaki, kila mmoja na kimo chake? Usiifumue. Izungushie fremu ya kitambaa kimoja kisicho na maua, kisha ikate yote kipimo kimoja. Tuseme unataka inchi 12½ na mraba wako ni 9. Kata vipande vya upana wa inchi 2½: viwili vya urefu wa 9 kwa kushoto na kulia, halafu viwili vya urefu wa 14 kwa juu na chini. Utapata mraba wa inchi 13 (vipande vya juu na chini vitazidi, vipunguze), na nusu inchi ya ziada ndiyo ya kunyoosha kingo. Mraba ukikaa upande ndani ya fremu si neno. Ukikatwa umeinama kidogo kwa makusudi, hata kasoro yake haionekani.

Mraba uliobaki ukiwa na ncha za pembetatu ukingoni, usiupunguze kabla ya kuutia fremu. Ukikata ukingo huo, robo inchi ya mshono unaofuata itazimeza ncha, na nyota inayoundwa na pembetatu hizo itabaki butu.