“Ataridhia” au “anaweza kuridhia”: mahali mfalme na wachaguliwa wanapogawana madaraka

Nikipewa katiba ya nchi yenye mfalme niisome, kurasa za mwanzo nazipitia haraka. Huko ndiko yaliko maneno mazito: mfalme ni mkuu wa nchi, ni alama ya umoja wa taifa, mamlaka ya utendaji yamo mikononi mwake. Maneno hayo utayakuta karibu yaleyale katika katiba ambayo mfalme wake haamui lolote, na katika katiba ambayo mfalme wake anaamua yote. Kwa hiyo naenda kwenye vitenzi. Nikikuta “Mfalme ataridhia muswada”, napiga mstari mmoja chini yake. Nikikuta “Mfalme anaweza kuridhia muswada”, napiga miwili, kwa sababu hapo kuna mtu ambaye hakupigiwa kura na anaweza kusema hapana.

Neno linalowapotosha wengi, hata wanasheria, ni “ushauri”. Katika mazungumzo yetu ya kila siku ushauri ni kitu unachopewa, ukipenda unaufuata, usipopenda unauacha. Katika katiba zilizofuata mtindo wa Uingereza ni kinyume chake kabisa. Mfalme anapotenda “kwa ushauri wa Waziri Mkuu”, ameshaamuliwa. Yeye anatia saini, na Waziri Mkuu ndiye atakayeulizwa bungeni. Ndiyo maana nawasihi wote wanaoandika au kutafsiri katiba kwa Kiswahili waandike “kwa kufuata ushauri wa”, na maneno “baada ya kushauriana na” wayaweke pale tu ambapo mfalme kweli anasikiliza kisha anaamua mwenyewe. Ukichanganya hayo mawili umebadilisha mwenye nchi.

Tazama jinsi jambo hili lilivyofanya kazi mwaka 2019. Malkia Elizabeth II alisitisha vikao vya Bunge la Uingereza kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, walisema ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, na usitishaji ukawa kama haukuwahi kutokea. Lawama haikumwendea Malkia, ilimfuata aliyeshauri. Lakini Waingereza wana kitu ambacho katiba mpya haiwezi kukiazima: mazoea ya karne. Mara ya mwisho mtawala wao kuunyima muswada ridhaa ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne. Mazoea hayo hayajaandikwa katika waraka mmoja wa katiba, na bado yanafuatwa. Nchi inayoanza leo haina miaka 300 ya kuyajenga. Lazima iandike.

Na swali ambalo waandishi husahau kuliandika ni hili: ikiwa mfalme hakutia saini, inakuwaje?

Mwaka 1990 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliiambia serikali kwamba dhamiri yake haimruhusu kutia saini sheria ya utoaji mimba ambayo Bunge lilikuwa limekwisha kuipitisha. Katiba haikuwa na jibu. Mawaziri wakaishika ibara ya mfalme asiyeweza kutawala, ileile iliyotumika mwaka 1940 baba yake alipokuwa mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 4 Aprili wakatangaza kwamba Baudouin hawezi kutawala, wakatia saini wenyewe kwa niaba yake, na kesho yake Bunge likamrudishia madaraka. Wengi huisimulia habari hii kama ujanja wa kupendeza. Mimi inanitia hofu. Ibara iliyotungwa kwa ajili ya msiba ilitumika kupitisha sheria ya kawaida, na iliwezekana tu kwa sababu mfalme mwenyewe alitaka njia ipatikane.

Luxembourg walilifanya jambo hilo vizuri zaidi. Desemba 2008, mtawala wao wa kurithi, Henri, alisema hatauridhia muswada wa kuruhusu mgonjwa asiye na matumaini ya kupona kusaidiwa kufa. Katiba ilikuwa ikisema mtawala “anaridhia na kutangaza” sheria. Kufikia Machi 2009 Bunge lilikuwa limelifuta neno la kuridhia, likabaki la kutangaza. Henri hakulazimika tena kuikubali sheria moyoni, kazi yake ikawa kuwajulisha watu kwamba ipo.

Ila ibara ninayoipenda kuliko zote imo katika Katiba ya Lesotho ya mwaka 1993. Mfalme akipuuza au akikataa kutenda jambo ambalo Katiba inamtaka alitende kwa kufuata ushauri, Waziri Mkuu anamjulisha kwamba atalitenda mwenyewe muda fulani ukipita. Muda ukiisha, analitenda, kisha analitolea taarifa bungeni. Hakuna kumvua mfalme taji wala kumtangaza mgonjwa. Saa inahesabu, basi. Hata hivyo sitaficha kilichofuata: Agosti 1994, mwaka mmoja tu baadaye, Mfalme Letsie III aliiondoa serikali iliyochaguliwa, na ilirudi Septemba baada ya majirani kushinikiza. Ibara nzuri haimzuii mtu aliyeamua kuiweka katiba nzima kando. Inamzuia yule anayetaka kusema bado yumo ndani yake.

Tuje kwenye uteuzi wa mkuu wa serikali. Katiba ya Moroko ya mwaka 2011 inasema mfalme humteua mkuu wa serikali kutoka chama kilichoongoza katika uchaguzi wa wabunge. Soma tena: kutoka chama. Haisemi kiongozi wa chama. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2016, Abdelilah Benkirane, kiongozi wa chama kilichoongoza, alihangaika miezi mitano kuunda serikali ya muungano bila kufanikiwa. Machi 2017 Mfalme Mohammed VI alimweka kando akamteua Saad-Eddine El Othmani wa chama hichohicho. Ibara haikuvunjwa hata kidogo. Nafasi ya kuchagua mtu ilikuwa imeachwa wazi, na iliyoachwa wazi hutumika. Uswidi waliifunga kabisa: tangu mwaka 1975 Spika ndiye hupendekeza jina la Waziri Mkuu na Bunge hulipigia kura. Mfalme hayumo.

Hatari kubwa zaidi hujificha kwenye ibara za mwisho mwisho, zile ambazo wajumbe huzipitisha wakiwa wamechoka. Katiba ya Nepal ya mwaka 1990 ilimpa mfalme uwezo wa kutoa amri za kuondoa ugumu wowote utakaojitokeza katika kuitekeleza Katiba, na amri hizo ziwekwe mbele ya Bunge. Oktoba 2002 Mfalme Gyanendra aliitumia ibara hiyo kumwondoa Waziri Mkuu. Bunge la kuwekewa amri hizo halikuwepo, lilikuwa limevunjwa miezi michache kabla. Februari 2005 akatwaa madaraka yote, na mwaka 2008 ufalme ukafutwa. Kwa hiyo nikiona “mbele ya Bunge”, nauliza: na Bunge likiwa limevunjwa?

Kuhusu jeshi na fedha za kasri sina mengi: amri ya jeshi ipitie kwa waziri, na fedha zipitishwe na Bunge.

Huwa naulizwa kama basi mfalme abaki bila kitu. Hapana. Abaki na haki ya kuelezwa, ya kuonya, na ya kuondoka, na hii ya mwisho iandikwe. Sheria za Japani hazikumpa mfalme njia ya kung’atuka, ikabidi itungwe sheria maalumu mwaka 2017 ili Akihito aweze kuondoka mwaka 2019. Haki hiyo si ndogo. Aprili 1940 Ujerumani ilipoivamia Norwei ilimtaka Mfalme Haakon VII amteue Vidkun Quisling, mwanasiasa wa Norwei aliyewaunga mkono Wajerumani, kuwa Waziri Mkuu. Haakon aliwaambia mawaziri wake kwamba hawezi kumteua, lakini uamuzi ni wao, na wakiamua kukubali, yeye atakiacha kiti. Mawaziri wakasimama naye, na balozi wa Ujerumani akapewa jibu la hapana.