"Vuta Kidogo, Vitakaa": Maneno Yanayoharibu Vitandiko vya Kufuma

Wiki iliyopita nimeletewa gunia. Gunia kweli, la sukari, la kilo 50, limejaa vile vipande vya mraba vya kufuma kwa kroshia ambavyo mabinti wa siku hizi wanaviita graniskwea. Nilivihesabu, 208. Mwenye mzigo, mama wa bibi harusi, alikaa kwenye benchi la kibaraza changu hapa Mwanga, Kigoma, akajipepea na ncha ya khanga, akasema: "Fundi wangu, kazi yenyewe imeshaisha. Wewe unganisha tu. Jumamosi napitia."

Unganisha tu. Nikachukua kalamu nikamfanyia hesabu mbele yake, na wewe unayesoma ifuate. Kitanda ni futi tano kwa sita. Vipande vinakaa 13 kwa upana na 16 kwa urefu, kila kimoja sentimita 12. Hapo ipo mishono 12 inayokwenda kwa urefu na 15 inayokatiza kwa upana, jumla mita 46 na ushei, zote kwa mkono. Kipande cha raundi tano, yaani mizunguko mitano kutoka katikati, kina trebo (kile kishono kirefu) 15 kila ubavu, ukiongeza cheni moja ya kila kona unapata 17. Mbavu za kuunga ni 387, kwa hiyo sindano itapita mara 6,579. Na kila kipande kilikuwa na rangi tatu, maana yake ncha sita zinazoning'inia. Ncha 1,248 za kuficha.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi Jumapili."

Hilo nimelizoea, halinisumbui tena. Kilichonifanya niandike ni neno lililofuata, nilipotoa futi na kuanza kupima.

"Visipolingana utavuta kidogo, vitakaa"

Hili nimelisikia kwa wateja, kwa wanafunzi wangu, hata kwa mafundi wenzangu ambao wangepaswa kuona haya. Na huwa linaanza na kosa lingine: kwamba vipande vyenye raundi sawa vina saizi sawa. Katika lile gunia vyote vilikuwa na raundi tano. Nilitoa kumi bila kuchagua. Kuna vya sentimita 12, kuna vya 11 na nusu, kuna vya 13, na kimoja, wallahi, cha 8.

Vilifumwa na akina mama saba wa kikundi kimoja, kila mtu nyumbani kwake. Hapo ndipo pa kutazama. Mkono wa mtu haufanani na wa mwenzake. Yupo anayekaza, yupo anayelegeza, na hata mkono mmoja haukai vilevile siku zote: mimi nikifuma huku nawaza marejesho ya kikoba, kipande kinatoka kigumu kama kifuniko. Halafu sindano. Ukimpa mmoja kroshia ya milimita 4 na mwingine ya 4 na nusu, umeshawatenganisha kabla hawajaanza. Halafu unene wa uzi, maana "uzi mweupe wa sokoni" si uzi mmoja.

Kile cha sentimita 8 kilikuwa na hadithi yake. Kilikuwa kimejikunja kama sikio. Nilipokitazama vizuri nikakuta vishono vyake vifupi vyote. Aliyekifuma amejifunza kwenye simu, na kwenye simu kuna mtego: Wamarekani wanaita dabo kile ambacho Waingereza wanakiita trebo. Kishono ni kilekile, majina mawili. Na dabo ya Mwingereza ni kile kifupi ambacho Mmarekani anakiita singo. Binti kasoma "dabo" kwenye maelezo ya Kimarekani, mkono wake ukafuma dabo ya Mwingereza, raundi tano kwa uaminifu kabisa, akapata hicho. Simlaumu. Namlaumu aliyekitia kwenye gunia akaona ni sawa.

Sasa twende kwenye huko kuvuta. Chukua kipande cha 13 ukiunge na cha 12. Ile sentimita iliyozidi haipotei. Itakusanyika katikati ya ubavu na kufanya tumbo, au itasukumwa mpaka konani, na kona nne zikishindwa kukutana utaona tundu lililopinda. Ukivuta kile kidogo kifikie, mzigo wote unaubeba uzi wa mshono. Kinakaa kweli, siku ya kukabidhi. Ukishafua, kila kipande kinarudi kwenye saizi yake na kitandiko kinajaa mawimbi kama bati la paa. Na usiseme ni nusu sentimita tu. Nusu sentimita mara vipande 16 ni sentimita 8: upande mmoja wa kitandiko unaning'inia, mwingine unaishia ukingoni mwa godoro.

Nenda Katonga au Kibirizi, kwa wavuvi wa ziwani, uwatazame wanaoshona nyavu. Hutamwona mtu anaunga kipande cha wavu kwa kuvuta. Anahesabu matundu, tundu kwa tundu. Sisi tunaofumia watu vyumbani tumepata wapi ujasiri wa kutohesabu?

Ninachofanya ni hiki. Kwanza napima vyote na kuvipanga mafungu sakafuni. Vilivyotofautiana kwa nusu sentimita hivi nalowesha na kuvipigia pini kwenye godoro kuukuu hadi vikae kwenye kipimo, kisha naviacha vikauke kabisa hapohapo. Wakati wa mvua hilo ni siku mbili, hakuna ujanja. Pini ziwe zisizoshika kutu, maana doa la kutu kwenye uzi mweupe ni gumu kuliko la mawese. Vilivyotofautiana zaidi nafumua raundi ya mwisho peke yake na kuirudia kwa sindano kubwa zaidi, au ndogo zaidi kama kipande kimezidi. Idadi ya vishono inabaki ileile, ukubwa ndio unaobadilika. Kuna wanaoongeza raundi moja ya singo kwenye vile vidogo tu. Usifanye hivyo. Utapata ubavu wa vishono vingi unaoungana na wa vichache, na umerudi kulekule. Kama unataka raundi ya ziada, vipe vyote.

Vya kushindikana vinafumuliwa. Uzi hauozi, utafumwa tena.

Na kama kikundi hakijaanza, kata boksi mraba wa sentimita 12, mpe kila mama wake pamoja na kroshia, zote za saizi ileile. Kila akimaliza kipande akiweke juu ya boksi. Nimelisema hili mpaka wananiita Mama Boksi. Nalikubali jina.

"Piga pasi vinyooke"

Uzi wa pamba unavumilia, tena ukiwa na unyevu kidogo ndio vizuri. Lakini uzi mwingi tunaouita sufi madukani ni akriliki, na akriliki ni jamaa ya plastiki. Ukiuwekea pasi ya mkaa unalainika, unang'aa, unalegea kama tambi iliyopitiliza, na haurudi. Nimewahi kuletewa vitambaa vya makochi sita vilivyolala namna hiyo, mwenyewe ananiuliza kama kuna dawa. Hakuna. Akriliki anapewa mvuke kwa mbali: pasi inaelea juu ya kitambaa kibichi, haigusi. Ukiwa na haraka na pasi ya mkaa, acha kabisa, pini na maji vinatosha kwa sehemu kubwa.

"Uzi wa kushonea ni wowote"

Siyo. Uzi wa cherehani ni mwembamba na mkali, baada ya muda unakata uzi wa kufumia kama waya unavyokata sabuni. Unga kwa uzi uleule uliofumia, na ununue mapema. Mimi hupima mara tatu ya urefu wa mshono, kwa hiyo kile kitandiko kinataka mita 140 za uzi wa kuunga tu. Mwenye gunia alinipa kibonge kilichobaki, kama yai la kanga. Ukienda kuongeza baadaye, weupe wa loti mpya hautafanana na wa zamani, na utauona kila ukitandika.

Na tafadhali, msiniletee shazia. Sindano ya magunia ina ncha kali, inapasua uzi katikati. Tafuta butu yenye tundu kubwa, ile ya kushonea masweta.

"Funga fundo halitafumuka"

Fundo linateleza, au linatokeza mbele siku ya wageni. Acha ncha ya sentimita 15, ipitishe ndani ya vishono kwenda, kurudi, kisha kwenda tena upande mwingine. Basi.

"Anza popote"

Wanaounga kimoja kimoja, kama mtu anayejenga kwa tofali alizookota, hukata uzi kila baada ya ubavu mmoja na kuongeza ncha juu ya zile 1,248. Tandaza vyote sakafuni kwanza, vipige picha kwa simu, kisha shona mistari yote ya upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukata. Ukimaliza, geuza, shona ile inayokatiza. Pale kona nne zinapokutana vuka kwa mshazari, uzi ukamate zote nne, na lile tundu linaziba lenyewe.

Mshono nao unategemea kazi. Kitandiko nakishona kwa sindano, nikikamata vitanzi vya nyuma tu, kinalala bapa, mtu halali juu ya matuta. Mkoba naunga kwa singo, ule ukingo unaotokeza ndio unaoupa nguvu. Ukiunga kwa slipu, kile kishono cha kuteleza kinachofumwa kwa kroshia, chukua kroshia kubwa kidogo kuliko ya kufumia, la sivyo mshono utakuwa mgumu usiovutika. Kwa vitambaa vya makochi mimi huunga papo hapo katika raundi ya mwisho, lakini hapo lazima uwe na mkono uliotulia. Wanafunzi siwaruhusu mwaka wa kwanza.

"Vya mashine vya China ni bei rahisi kuliko vyako"

Viwandani hakuna mashine inayofuma kroshia halisi. Zipo zinazoiga sura yake. Ukikuta graniskwea ya kweli sokoni, ya China au ya wapi, ipo mikono ya mtu iliyoifuma. Kama ni rahisi, muulize huyo mtu alilipwa nini.

Gunia bado lipo kwangu. Vipande 31 vimerudi kwa wenyewe kufumuliwa, kila kimoja nimekifunga pamoja na boksi lake. Mama wa bibi harusi ananipigia simu kila asubuhi, na kila asubuhi namwambia harusi ni mwezi ujao, mama, tulia. Kile cha sentimita 8 nimeomba nibaki nacho. Kinakaa vizuri chini ya kikombe cha chai.