"Niko sawa, ni nundu tu": maswali na majibu kuhusu kuanguka na baiskeli

Jumapili jioni, hapa hospitalini ninapofanya kazi, huwa nawatambua kabla hawajafungua mdomo. Ni mume na mke, au wachumba, matope magotini, majani makavu yamenasa kwenye soksi, na mmoja wao kajishika kichwa. Walitoka kuendesha baiskeli kando ya mto, chini ya miti, kupunga upepo tu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa. Mengine natamani ningeulizwa saa sita mapema.

Tulikuwa tunakwenda taratibu. Kweli mtu anaumia kichwa kwa mwendo ule?

Anaumia, tena sana. Ukiwa umekaa kwenye baiskeli kichwa chako kiko mita 1.5 au zaidi kutoka chini. Kitu kinachodondoka kutoka kimo hicho hugonga ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama baiskeli imesimama tuli. Halafu njia za mtoni zina mitego yake: mizizi iliyolowa, majani yaliyofunika shimo, na kivuli chenyewe. Ukitoka juani ukaingia ghafla chini ya miti, macho huchelewa kidogo kuzoea, na gurudumu la mbele halisubiri. Punguzeni mwendo mnapoingia kivulini. Na kama mnapiga soga bega kwa bega kwenye njia nyembamba, acheni: usukani ukinasana na wa mwenzako mnakwenda chini wote wawili.

Mke wangu aligonga kichwa, akainuka mwenyewe, akacheka, akasema yuko sawa. Kuna haja ya hospitali?

"Niko sawa" si kipimo. Nasema hivyo kwa heshima, lakini nimechoka kuisikia.

Pale kwenye panja, kati ya jicho na sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na upande wake wa ndani umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka mshipa unaweza kuchanika, damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mwanzoni damu ni kidogo, na mtu anaongea, anatania, anakunja baiskeli yake na kuipakia garini. Baada ya muda, pengine dakika chache, pengine saa kadhaa, damu inakuwa nyingi na kuanza kuukandamiza ubongo. Huyo aliyekuwa anacheka sasa haamki.

Mwigizaji Natasha Richardson alianguka hivyo hivyo Machi 2009 huko Quebec, Kanada, akijifunza kuteleza kwenye theluji, kwenye mteremko wa wanaoanza. Aliinuka akiona hana shida, na msaada wa kwanza uliofika haukumpeleka popote. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baada ya kuanguka alifariki, kwa damu iliyovujia ndani ya fuvu.

Kwa hiyo kila nundu ni hospitali?

Hapana. Aliyegonga kidogo, anakumbuka kila kitu, hana dalili yoyote na ana mtu mzima wa kumwangalia, anaweza kubaki nyumbani. Ila nenda hospitali mara moja, hata kama anabisha, hata kama anasema yuko sawa, akiwa:

- alipoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, au hakumbuki alivyoanguka;
- anatapika, au kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua;
- anauliza swali lile lile mara tatu, anakuwa mkali bila sababu, au anasinzia wakati si wake;
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, ulimi mzito, mkono au mguu umelegea;
- amepata kifafa, au maji maji au damu inamtoka puani au sikioni bila jeraha la kueleweka;
- anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana miaka 65 na zaidi.

Ubongo ulioumia ndio huo huo unaojitathmini. Msimuulize yeye kama anahitaji daktari. Anayeamua ni yule aliyeona akianguka, na siku hiyo ni wewe.

Alikuwa amechoka, tukaona tumwache alale, asubuhi tuone.

Hii ndiyo sentensi inayonikosesha usingizi mimi. Usingizi wenyewe haudhuru ubongo, na hakuna haja ya kumkesheza mtu kwa kahawa. Kosa ni kuuita uchovu wakati ni dalili. Mtu aliyezoea siku zote kulala saa nne usiku, leo saa kumi na mbili jioni kichwa kinamwangukia mezani: huyo hajachoka na baiskeli. Kama ana hata dalili moja kati ya zile za juu, haendi kitandani, anakwenda hospitali. Usiku huo huo. "Asubuhi tuone" wengine wameiona asubuhi, ndiyo, lakini kwa kuchelewa.

Kama hana dalili yoyote na amelala, usimwache peke yake. Mwamshe mara moja mbili usiku, akuambie jina lako na mlikuwa wapi leo. Akiamka vizuri na kukulalamikia, mwache alale. Asipoamka kama kawaida, ita gari la wagonjwa. Muangalie hivyo kwa saa 24 hadi 48. Asiendeshe chochote wala asinywe pombe.

Tumpe dawa gani ya maumivu?

Parasetamoli kwa kipimo chake. Aspirini na ibuprofeni ziacheni siku mbili hizo, kwa sababu zinaweza kurahisisha damu kuvuja. Na dawa ikishindwa kutuliza kichwa, msiongeze kidonge. Hiyo ni dalili, rudini kwenye orodha.

Na goti lililochubuka?

Maji safi yanayotiririka na sabuni, mpaka mchanga wote utoke. Msipake dawa ya meno wala mafuta ya taa wala majani mliyoyachuma hapo hapo mtoni, jamani. Jeraha la udongo lina hatari ya pepopunda, kwa hiyo ulizeni kituoni kama chanjo imepitwa na wakati.

Ncha ya usukani ikimchoma tumboni, lichukulie kwa uzito, hata kama ngozi haina alama. Tumbo likizidi kuuma au bega la kushoto likianza kuuma, ni hospitali.

Tulikuwa na helmeti. Tuliitundika kwenye usukani kwa sababu ya joto.

Nimeiona. Mliingia nayo, safi, haina hata mkwaruzo, na kichwa ndicho kina mkwaruzo. Helmeti haizuii kila jeraha, lakini hupunguza sana kishindo kinachofika kwenye fuvu, nayo hufanya kazi ikiwa imevaliwa sawa kwenye paji la uso na kufungwa kidevuni.

Na ile iliyogonga chini, tunaweza kuendelea kuitumia?

Hapana. Povu gumu la ndani husagika likimeza kishindo, na halirudi lilivyokuwa, hata kama nje linang'aa. Nunueni nyingine. Na gundi, kabla hamjauliza, haisaidii.