Je, wajua kwa nini ngozi ya kuku hukauka vizuri zaidi ukianza na kikaango baridi?

Ukiuliza namna ya kukaanga kuku nyumbani mpaka ngozi ivunjike kwa mlio mdomoni, wengi watakujibu: pasha kikaango hadi kianze kutoa moshi, ndipo utie nyama. Kwa paja lenye ngozi, njia bora ni kinyume chake. Paja hulazwa kwenye kikaango baridi, ngozi chini, mafuta yakipakwa kidogo tu au yasiwepo kabisa, kisha moto wa wastani huwashwa. Dakika chache za mwanzo huwa za kimya, na mwenye njaa anaweza kudhani ametapeliwa.

Ushauri wa moto mkali una historia ndefu. Mwaka 1847 mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliandika kwamba joto kali hufanya gamba juu ya nyama, na gamba hilo huyazuia majimaji yasitoke. Wapishi walilipokea wazo hilo kwa mikono miwili, na hadi leo utasikia watu wakisema nyama lazima "ifungwe" kwanza. Ajabu ni kwamba kikaango chenyewe hulikanusha kila siku. Mafuta matupu yakipashwa hayapigi kelele. Hutoa moshi kabla hata ya kufikia kuchemka. Ule mlio wa shwaaa ni maji ya nyama yanayogusa chuma cha moto na kugeuka mvuke. Gamba lingekuwa limefunga kweli, jikoni kungekuwa kimya. Kinachoendelea kulia kinaendelea kuvuja, na nyama iliyobabuliwa ikipimwa kwenye mizani huonekana imepoteza majimaji sawa na ile isiyobabuliwa, au hata zaidi. Kubabua kuna faida yake, yaani rangi na ladha. Kufunga hakufungi chochote.

Tatizo basi ni maji. Ngozi mbichi ya kuku ni maji kwa takriban nusu ya uzito wake, mafuta karibu theluthi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini, hasa kolajeni. Fikiria sufuria ya maji yanayochemka. Ongeza kuni uwezavyo, maji hayatavuka nyuzijoto 100. Yatapungua upesi tu. Kila joto la ziada hutumika kuyageuza mvuke, na kazi hiyo hula zaidi ya mara 5 ya joto lililotumika kuyapandisha kutoka nyuzijoto 0 hadi 100. Ngozi nayo ni vivyo hivyo: maadamu sehemu yake ina unyevu, sehemu hiyo hukwama karibu na nyuzijoto 100, hata chuma chini yake kikiwa na 200. Rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa hutokana na mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, nao hushika kasi kwenye nyuzijoto 140 hivi. Namba hiyo si ukuta. Mmenyuko huendelea hata chini ya hapo, ila polepole mno kwa mtu anayesubiri chakula.

Kikaango baridi hununua muda. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huyeyuka taratibu na kutiririka, yakawa ndiyo mafuta ya kukaangia. Kolajeni hulainika ikiwa bado ina unyevu, kisha maji yakiondoka hubaki utando mwembamba unaokatika kwa urahisi. Kikaango cha moto sana hukunja ngozi ghafla: vilima huachwa juu hewani, mabonde huungua, na katikati hubaki tabaka la mafuta linalotafunika kama mpira.

Maji unaweza pia kuyapunguza mapema. Futa paja kwa kitambaa safi, lipake chumvi, uliache usiku mzima ndani ya jokofu bila kulifunika. Wakati wa kukaanga usijaze kikaango wala usiweke mfuniko, maana mvuke hunaswa. Kitu kizito juu ya nyama husaidia ngozi yote igusane na chuma. Ngozi ikigoma kung'oka, iache kwanza; mara nyingi huachia yenyewe ikishakauka. Mlio ukififia, geuza na uivishe upande wa pili. Ndani pafike angalau nyuzijoto 74, ingawa paja hunoga zaidi likivuka 80.

Haya yote ni ya nyama yenye ngozi. Kidari kisicho na ngozi hakina mafuta ya kuyeyusha, na kwenye kikaango baridi kitajichemsha tu katika majimaji yake. Hapo moto mkali una haki yake. Na mchuzi, kama upo, umiminwe pembeni mwa paja, kwani ukimwagiwa juu hurudisha maji yale yale yaliyochukua nusu saa kuondoka.