Sabuni Ni ya Kufulia, Siyo Povu

Juzi, kwenye darasa la waandishi wa michezo ya redio, kijana mmoja, tena mwerevu, kaandika kwamba soap opera, yaani igizo la mfululizo lisiloisha (soap ni sabuni), imeitwa hivyo kwa kuwa wahusika wake "wanatoa povu" kila kipindi. Ni wa nne mwaka huu. Mwaka jana kuna aliyeniambia ni kwa sababu waigizaji wake wanang'aa!

Jamani, sabuni ni sabuni. Ya kufulia, ya unga, ya boksi. Marekani ya miaka ya 1930, redio zilirusha mchana hadithi za dakika 15, siku tano kwa wiki, zikiwalenga akina mama walio nyumbani. Ma Perkins, mhusika mjane mwenye duka la mbao katika igizo lenye jina lake, alianza 1933 akiipigia debe Oxydol, sabuni ya unga ya kampuni ya Procter & Gamble, akanyamaza 1960.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaojua nusu: eti matangazo ya sabuni yalichomekwa tu katikati ya igizo la kituo. Hapana. Leo kituo kina igizo lake, kinauza nafasi za matangazo. Enzi zile kampuni ilinunua muda hewani, na wakala wake wa matangazo ndiye aliyesaka waandishi na kuwalipa waigizaji. Igizo lilikuwa la muuza sabuni. Kituo kilimpa mitambo tu. Ndiyo maana hadithi haikuisha. Nani afunge kisa wakati nguo zinachafuka kila siku? Igizo jingine la aina hiyo, Guiding Light, lilianza redioni 1937, likahamia runingani 1952, likafika 2009.

"Opera", yaani igizo la kuimbwa, ni kejeli ya magazeti. Filamu za wachunga ng'ombe zilikwishaitwa opera za farasi. Haimbi mtu. Tuendelee.

Vitabu huitaja Painted Dreams ya Irna Phillips, iliyorushwa na redio ya WGN ya Chicago mwaka 1930, kuwa ya kwanza. Sawa, ila mfadhili wake alipopatikana alikuwa mtengeneza soseji. Kwa hiyo ya kwanza haikuwa na hata kipande cha sabuni, na vitabu vinapita hapo kimyakimya. Nami hoja yangu ina kovu lake: The Archers, igizo la redio la BBC, ya kitaifa tangu 1951, haina matangazo, ilikusudiwa kuwapa wakulima ushauri. Twende na Wakati ya Radio Tanzania, 1993, ilihubiri uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Zote naziita soap opera bila haya. Ukinibana nitasema kinachozifanya ndugu ni kutokuwa na mwisho, na telenovela za Meksiko, tamthilia za runinga, nazitoa kwenye ukoo huo, maana zinaandikwa zikijua zitaishia wapi.

Nilimweleza hivyo mama yangu, mfuasi wa telenovela ya saa mbili usiku.

"Ile ina mwisho, Mama."

"Mwisho gani, mwanangu, na huu mwaka wa pili yule mgonjwa wao bado yuko hospitali?"